Yago Ndani ya Chupa

Nyinyi vijana mtakaosoma maneno haya, kaeni vizuri kwanza. Kama unasoma kwa simu, usiruke mistari kama mlivyozoea. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, nikatolewa nikalee wadogo zangu, kwa hiyo kila mstari hapa umenitoa jasho, na sikutoa jasho ili wewe uuruke. Ninaandika kwa Kiswahili, hiki nilichojifunza sokoni Oyugis nikiuza viazi vitamu, kwa sababu nusu ya wajukuu wangu wanasikia Dholuo lakini hawawezi kuisoma. Nitawaambia habari ya binti yangu wa pili, aliyekuwa na uvimbe kwenye titi na tarehe ya hospitali mkononi, na jinsi mimi mama yake nilivyomkosesha tarehe hiyo. Sitawazungusha. Alikufa. Sasa mnajua, sikilizeni.

Nyumbani kwangu Uriri, nyuma ya zizi la ng'ombe, kuna mti wa yago. Mnaujua. Matunda yake ni marefu kama mkono wa mtu mzima, ya kijivu, yananing'inia kwa kamba zake kama vitu vilivyofungwa na mtu akasahau kuja kuvichukua. Watoto hawachezi chini yake. Mtu akizama ziwani na mwili usipatikane, sisi hatumwachi bila kaburi. Tunachukua tunda la yago, tunalivisha shuka, tunalilaza nyumbani, tunalilia, tunalizika kama yeye. Shemeji yangu alizama upande wa Mbita nikiwa bado bibi arusi hapa, na tunda lililozikwa kwa ajili yake lilitoka kwa mti huu huu. Mimi ndiye niliyelivisha. Mama mkwe wangu aliniambia nilishike taratibu, nikalishika taratibu.

Mama mkwe huyo huyo ndiye aliyenifundisha kwamba yago pia ni ya matiti. Mwanamke aliyejifungua, titi likivimba na kuwaka moto, unakata kipande, unakipasha kwenye majivu, unamkanda nacho. Nimewakanda wengi. Kwa lugha yetu mti ni yath, na dawa ni yath. Neno ni moja. Mtu akisema anakwenda kutafuta yath, hujui kama anatafuta kuni au anatafuta uzima wa mtu mpaka uone uso wake.

Basi mwaka mmoja, wakati wa kupalilia mahindi, likaja gari la chuo kikuu. Ndani kulikuwa na dereva mnene na msichana mwembamba mwenye miwani. Walikuwa na barua ya chifu. Msichana akanisalimia vizuri, akapiga goti kidogo, halafu akaharibu.

"Shosho, tunaomba ruhusa ya kuchukua matunda na maganda ya mti wako."

"Mimi si shosho," nikamwambia. "Shosho wako umemwacha huko mlimani. Hapa bibi huitwa dani."

Akacheka, akasema, "Pole, dani." Kutoka siku hiyo hakusahau. Akanieleza kwamba kazi yao ni kukusanya miti ambayo wazee wanaitumia, kuipeleka maabara, kuikamua kile kilicho ndani yake, na kupima kama kinaweza kupigana na saratani. Aliandika kila nilichomwambia kuhusu kukanda matiti. Alitandaza majani kati ya magazeti kama mtu anayekunja nguo za sherehe. Maganda aliyakata upande mmoja tu ili mti usife. Nikampenda kwa hilo.

Dereva yeye alikuwa amesimama chini ya tunda kubwa kuliko yote, anaangalia simu.

"Baba, toka hapo," nikamwambia. "Hilo likianguka linavunja shingo ya fahali."

"Likiniangukia je, mama, mtanifanyaje?"

"Tutakuzika. Na kwa sababu mwili wako utakuwepo, na unaonekana ni mwingi, tunda tutaliacha."

Wakacheka wote. Wakajaza magunia mawili, wakaenda. Msichana aliacha namba yake kwenye karatasi, akasema atarudi kuniambia walichokipata. Sikumwamini. Watu wa gari huwa hawarudi.

Miezi ikapita. Mahindi yalikuwa tayari ghalani wakati binti yangu alipokuja kutoka Mbita. Huko ndiko alikoolewa, na alikuwa fundi wa nguo, anashona sare za shule karibu na kivuko. Alikuja bila kupiga simu na bila zawadi, nikajua kuna neno. Tulikaa jikoni. Alichukua mkono wangu akauweka chini ya kwapa lake, upande wa kushoto, karibu na titi. Kilikuwa kigumu, kama kokwa ya embe.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya likizo ya Aprili."

"Na umenyamaza?"

"Nilikuwa na sare za shule nzima, mama. Nilisema nimalize kwanza."

Alikuwa ameshakwenda hospitali Homa Bay. Walitoa kipande cha nyama kwa sindano wakapima, wakamwambia ni saratani, bado haijatembea mbali, titi likatwe kisha atiwe dawa. Walimpa karatasi yenye tarehe. Ilikuwa Jumanne, wiki mbili mbele. Aliitoa karatasi hiyo kwenye sidiria akanionyesha, halafu akairudisha pale pale.

"Unaogopa kisu?" nikamwuliza.

"Kisu siogopi. Mimi mkasi ni kazi yangu." Akatazama chini. "Naogopa kubaki kama gauni la upande mmoja."

Nilimwambia atalala kwangu mpaka siku hiyo. Mume wake alikubali.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo kosa lilipo. Siku ya tatu, asubuhi, gari la chuo likarudi. Yule wa miwani alikuwa ametimiza neno lake. Binti yangu alipoona wageni alijifungia chumba cha ndani, na kati ya chumba hicho na sebule hakuna mlango, kuna pazia. Ugonjwa wa titi hatuuweki mbele ya wageni. Nikawapa chai. Msichana akawa na furaha mpaka akasahau kunywa.

"Dani, tunda lako limefanya vizuri! Tulipolitia kwenye seli za saratani ya matiti, seli nyingi zilikufa."

"Seli ninayoijua mimi ni ya polisi," nikasema.

Dereva akapaliwa na chai. Msichana akaeleza kwamba mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana, hizo ndizo seli, na saratani ni chembe zilizokataa sheria, zinazaana tu. "Na yago yako imeziua," akasema. "Imeziua ndani ya chupa."

"Ndani ya chupa."

"Ndiyo, dani. Ndani ya chupa."

Aliendelea kuongea. Najua aliendelea, kwa maana mdomo wake ulikuwa unacheza. Alisema hii si dawa bado. Alisema ni hatua ya kwanza, bado kuna panya, bado kuna miaka, bado kuna kujua kama inadhuru ini na figo. Nilimsikia kama mnavyosikia matangazo ya kanisani baada ya baraka, wakati mkono uko tayari kwenye mkoba. Mimi nilikuwa nimesikia maneno matatu: matiti, imeziua, chupa.

Kutoka kiti chake mpaka kwa mgonjwa zilikuwa hatua nne. Ningevuta pazia tu. Ningesema, mwanangu, ninaye mmoja humu ndani, je, nimpe? Angeniambia, na angeniambia kwa machozi, kwa maana namjua sasa. Sikuvuta pazia. Niliwafungia wageni viazi vitamu, nikawasindikiza mpaka barabarani, nikarudi mbio na umri wangu huu.

Binti yangu alikuwa amesimama nyuma ya pazia, amelishika.

"Mama, nimesikia," akasema.

"Umesikia nini?"

"Kwamba iko kwa boma. Kwamba imekuwa hapa nyuma ya zizi siku zote hizi."

Nikakata tunda siku hiyo hiyo. Nilikausha vipande juu ya paa, nikavichemsha, nikachuja kwa kitambaa cheupe. Na hapo neno la yule msichana likanifanya mjinga. Miaka yote tumeitumia yago kwa kukanda. Tumeitoa kwenye majivu, tumeitia kwenye kibuyu, kwenye sufuria. Na saratani haikuwahi kupona. Kwa nini? Kwa sababu hatukujua siri. Siri ni chupa. Ikikaa ndani ya chupa ndipo inaua. Nilifikiri hivyo, na nilijiona nimeelewa kitu ambacho mama mkwe wangu alikufa bila kukijua.

Chupa za plastiki nilizikataa. Hospitali na maabara ni kioo, nimeona. Za soda za dukani zinatakiwa zirudishwe. Kwa hiyo mimi, Msabato tangu ubatizo wangu, nilizunguka nyuma ya baa ya sokoni mchana kweupe. Mwenye baa alikuwa anafagia.

"Mama wa kanisa!" akasema. "Umeanza lini?"

"Nimeanza leo. Niletee chupa."

"Ya baridi ama ya moto?"

"Tupu, mjinga wewe. Na usipige kelele."

"Tupu! Yaani umenipita, umemaliza kabla sijakuuzia." Lakini alinipa sita, akazisuuza mwenyewe. Nilizichemsha nikatoa harufu ya pombe. Nikazijaza.

Jumanne ikaja. Mkwe wangu alifika asubuhi na mapema kumchukua mke wake, kwa sababu tarehe aliijua. Alisimama langoni na kofia mkononi, anatazama ardhi. Nyinyi wa mjini hamjui heshima hii. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawabishani, hawali sahani moja. Ananiita maro, na neno hilo peke yake ni ua uliozungushwa kati yetu.

"Maro, leo ndiyo siku ya hospitali."

"Anakunywa dawa hapa."

Akazungusha kofia. "Maro, walisema tusichelewe."

"Walipokuambia watakata, walikuambia watashona tena? Nenda. Dawa imepimwa na chuo kikuu. Mahindi yakifika magotini utamchukua mzima."

Alikuwa na neno, niliona. Ningekuwa mtu mwingine yeyote, jirani, dada, hata chifu, angelitoa. Lakini nilikuwa maro. Alivaa kofia, akainama, akaondoka peke yake. Nilimtazama mpaka kwenye kona na nikafurahi kwamba ana adabu.

Binti yangu alikunywa glasi asubuhi, glasi jioni. Ilikuwa chungu, na ilimharisha. Nilisema uchafu unatoka. Ilimtapisha. Nilisema unatoka juu na chini. Uso wake ukawa mdogo lakini moyo wake ulikuwa mkubwa, alikuwa anaimba akishona viraka vya mashati ya kaka yake. Na alikuja na njia yake ya kupima. Alitoa futi yake ya ufundi, ile ya njano, akajizungushia kifuani.

"Mama, njoo usome."

"Thelathini na nane."

Baada ya wiki mbili akanipigia kelele kutoka chumbani. "Mama! Thelathini na saba!"

Nililia kwa furaha, mimi ambaye silii. Tukapiga magoti kwenye saruji. Wiki nyingine, thelathini na sita. Alinitania, "Ukiendelea hivi utaniharibu, nitarudi Mbita kifua cha msichana wa darasa la saba, wateja wangu wataniagiza sare." Niliandika namba hizo kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni, moja chini ya nyingine, zinashuka. Ilipofika thelathini na nne nilichinja kuku.

Lile gumu la kwapani lilikuwa bado pale. Nilijiambia ni ganda. Kitu kinakufa ndani, ganda linabaki, kama konokono.

Shule zikafungwa. Binti yake mkubwa akaja kutoka Mbita, wakati huo yuko kidato cha pili. Alishuka, akaingia jikoni, akamwona mama yake amekaa kwenye kigoda, na akasimama na begi mgongoni. Hakumsalimia. Alitazama kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Mbona umesimama?" nikamwuliza. "Mama yako anapona. Tazama mlango."

Akasoma namba zangu. "Hizi ni za nini, dani?"

"Uvimbe unapungua. Tunapima kwa futi."

Mtoto akachukua futi kutoka shingoni mwa mama yake. Hakupima kifua. Alizungusha kwenye mkono, juu ya kiwiko. Kisha akazungusha kwenye mkono wake mwenyewe, mtoto wa miaka kumi na sita, mwembamba kama bua. Wa mama yake ulikuwa mdogo kuliko wake.

"Dani," akasema polepole, "kila kitu kinapungua."

Nilimwambia anyamaze. Nilimwambia hawezi kunifundisha kazi nyumbani kwangu. Yeye akapiga magoti mbele ya mama yake, akapima paja, akapima shingo, anataja namba moja moja, machozi yanamtoka na sauti haitetemeki. Binti yangu alimwacha apime, kama mteja. Alipofika kwenye kiuno binti yangu aliniangalia, na nikaona kwamba alikuwa amejua. Sijui tangu lini. Fundi wa nguo anajua mwili ukipungua. Alikuwa anashona sketi yake upya kila wiki na hakuniambia.

"Ulikuwa na furaha sana, mama," akasema.

Hayo ndiyo maneno yaliyonivunja, si mengine.

Tulikwenda Homa Bay kesho yake, na mjukuu wangu akampigia baba yake, akatukuta huko. Daktari alikuwa mwanamke wa umri wa binti yangu. Alisoma karatasi ya zamani, akatazama tarehe, akamshika hapa na pale, akampeleka kwenye picha. Tulipoingia tena akauliza bila hasira, "Mlikuwa wapi?"

Mkwe wangu alitazama ukuta. Mimi nilifungua mkoba, nikatoa chupa, nikaiweka mezani pake. Ilikuwa bado na karatasi ya bia ambayo sikuweza kuibandua yote.

Alisema saratani imeingia kwenye mifupa na ini. Alisema kukata sasa hakutasaidia, watamtia dawa ya maumivu, watamtunza. Na alisema polepole kwamba ini lingekuwa na nguvu kidogo kama si hiki kinywaji. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Siku hiyo, kwenye benchi la nje, nilimpa mjukuu wangu ile karatasi ya namba nikamwambia apige. Yule wa miwani alipokea. Nilimwuliza swali ambalo nilipaswa kumwuliza nikiwa na birika mkononi: chupa ni nini? Akauliza, "Dani, ni nani mgonjwa?"

Alikuja mwenyewe, safari yote ile, siku mbili baadaye. Wakati huo binti yangu alikuwa amerudishwa Mbita, kwa mume wake, kwa sababu mke hafii kwao. Mimi nilikuwa nalala kwa mama mmoja wa kanisa letu mjini humo, kwa kuwa maro halali nyumba ya mkwe, na mchana nashinda kitandani kwa mwanangu. Msichana alinikuta nje ninaosha shuka. Alitoa kitu mfukoni akakiweka kiganjani mwangu. Kilikuwa kisahani cha plastiki, kinang'aa, chembamba, na kifuniko chake. Kidogo kama kopo la rangi ya viatu.

"Hii ndiyo chupa," akasema.

"Hii?"

"Hii. Seli zinakaa hapa peke yake. Hakuna mtu. Hakuna damu, hakuna tumbo, hakuna ini." Akagusa kifuniko kwa kidole. "Hata sabuni, dani. Hata maji moto. Hata chumvi nyingi ukimwaga hapa, zinakufa. Kuua ndani ya hii ni rahisi. Kuua ndani ya mtu na mtu abaki, hiyo ndiyo kazi inayotuchukua miaka."

Nilikigeuza kile kisahani. Kilikuwa hakina uzito kabisa.

"Ungenionyesha," nikasema.

Akaanza kulia. Nikamwambia asinililie, aende ndani akamsalimie, na akanawe uso kwanza. Alikaa na binti yangu muda mrefu. Niliwasikia wakiongea habari za kushona. Alipotoka alikuwa ameshonewa kishikizo cha koti lake kilichokuwa kimelegea.

Binti yangu hakuchukua mwezi. Dawa ya maumivu ilimfanya apumue vizuri na aongee kidogo kidogo. Siku moja asubuhi, nikimpaka mafuta miguuni, alisema, "Mama, usiukate ule mti."

"Nimeshanoa shoka."

"Mti haujamwambia mtu kitu." Akapumzika. "Waache wale wa chuo wachukue. Labda itamfaa mwanangu." Kisha akatabasamu na upande mmoja wa mdomo, kama alipokuwa mdogo. "Na mimi angalau mtanizika mwenyewe. Hamtavisha tunda shuka."

Tulimzika mwenyewe. Upande wa kushoto wa nyumba yake kama desturi ilivyo, pale unapoliona ziwa. Cherehani ilifunikwa kitambaa. Nilirudi Uriri na mjukuu wangu, kwa sababu alikataa kubaki na cherehani ile, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kuchukua kitambaa chenye maji nikafuta chaki nyuma ya mlango. Mbao zilikuwa zimeinywa chaki. Mpaka leo jua la saa tisa likipiga pale unaona thelathini na nane, na zile nyingine chini yake.

Shoka nililirudisha ghalani. Yule wa miwani alikuja tena na magunia. Anasema kuna dawa za saratani hospitalini leo ambazo mwanzo wake ni ua dogo ambalo watu wanapanda mbele ya nyumba kwa uzuri tu, lakini kati ya ua na sindano ilipita miaka mingi na watu wengi wenye akili. Namwamini. Nilimpa matunda, kwa sharti moja: kabla hajachukua, asimame mbele ya wanawake wa kanisa letu, na kila akitamka neno chupa, ainue kile kisahani juu, wakione, na kizungushwe mkono kwa mkono mpaka nyuma. Alifanya. Bibi mmoja mzee kuliko mimi alikifungua, akachungulia, akauliza, "Na mgonjwa anakaa wapi humu?"

Nilikaa na hatia yangu nikiitafuta mizizi. Si yule msichana, alisema ukweli wote, mimi nikasikia robo. Si mkwe wangu. Wala si yago. Nimekuwa mkali nyumba hii miaka hamsini, na nilijivunia kwamba nikisema hakuna anayerudisha neno. Watu wawili walijua. Mmoja alizungusha kofia langoni kwa sababu ya adabu, mwingine alishona sketi yake upya kimya kimya ili nisipoteze furaha. Walinitii. Utii huo ndio uliomuua mwanangu, pamoja na ile saratani.

Kwa hiyo baada ya siku za kilio kuisha niliwaita wote baada ya chakula cha Sabato: kijana wangu na mke wake, wasichana wote, mjukuu wangu na futi ya mama yake shingoni, na mkwe wangu kutoka Mbita. Alikaa karibu na mlango akitazama sakafu. Nikamwambia anitazame usoni. Hakuweza. Nikamwambia mara ya pili. Akainua macho, na tukatazamana, kitu ambacho hakijawahi kufanyika kwenye boma hili, na nikawapa amri yangu nikimtazama yeye:

"Mwenye kuona uvimbe, hata mdogo kama punje ya mtama, aseme siku hiyo hiyo, na tarehe ya hospitali ikitolewa haivukwi na mtu yeyote. Jani na mzizi hapa ni vya kukanda na kuosha, havinywewi kwa ugonjwa wenye tarehe. Na mtu akija na chupa, kataeni. Mimi nikija na chupa, kataeni. Nikiwakemea, nikilia, nikiwaita watoto wasio na adabu, kataeni hivyo hivyo, kisha nileteeni viatu vyangu twende Homa Bay."